Madini Yanayoishia kwa Kuku

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwetu, wilayani Nachingwea, nikimtazama bibi akikoboa mtama. Aliunyunyizia maji, akautwanga kinuni mpaka maganda yakaachia, akaupepeta kwa ungo, kisha pumba akawamwagia kuku. Niliokota konzi moja ya pumba zile nikazishika kwa masikitiko, kwa sababu sehemu kubwa ya madini ya chuma ya nafaka hukaa kwenye ganda la nje na kwenye kiini kinachoota, na ndiyo hayo tunayoyapepeta, ilhali nyumbani humo dada yangu ni mjamzito na ameambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu.

Kuzalisha nafaka zenye madini mengi zaidi kunawezekana. Nchini India, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakulima walipata uwele uitwao Dhanashakti, wenye takriban miligramu 71 za chuma katika kila kilo ya punje. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, waliupata kwa kuchagua upya, kizazi baada ya kizazi, ndani ya mbegu iliyokuwa ikilimwa tayari, na asili ya mbegu hiyo ni uwele wa kienyeji wa kaskazini mwa Togo. Jambo hilo hunigusa sana, kwa kuwa huenda hata katika mitama ya asili tunayoitundika juu ya moto jikoni kuna iliyojaliwa uwezo kama huo.

Ugumu wake ni kwamba mmea hutengeneza wenyewe vitamini, lakini chuma na zinki hauwezi kuvitengeneza. Ni lazima mizizi ivivute kutoka ardhini, na udongo uliochoka hauna cha kutoa. Tena, madini hayaonekani kwa macho kama rangi ya viazi lishe, hivyo kila punje hutegemea kipimo, na kipimo nacho hudanganyika. Mtama uliopurwa chini huja na vumbi lenye chuma chake, na ndiyo maana wapimaji makini huangalia pia alumini, ambayo ikizidi huashiria kwamba kilichopimwa ni udongo.

Mimi naamini kipimo cha kweli ni kile kinachochukuliwa baada ya kinu, katika unga unaoingia chunguni. Zinki ina nafuu, kwani hupenya zaidi ndani ya punje; chuma hakina bahati hiyo, na hata kikibaki, fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, hukizuia kisifyonzwe vizuri tumboni. Kuloweka na kuchachusha unga hupunguza fitati hiyo, kazi ambayo bibi huifanya kila anapoandaa uji wa togwa.

Nilipomweleza hayo, hakubishana. Alitenga debe moja la mtama, akasema hilo lisagwe bila kukobolewa, liwe la uji wa dada.