Kilo Nne za Unga

Usiku wa Alhamisi, tarehe 11 Agosti 2022, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya shangazi yangu, Kibokoni, Mombasa, nikijumlisha kura za Kenya nzima kwa kalkuleta ya simu.

Si mzaha. Tume ya uchaguzi ilikuwa imepandisha fomu za 34A, zile za matokeo ya urais, kwenye tovuti yake, kituo kwa kituo, vituo 46,229, kila mwenye bando ajionee mwenyewe. Lilikuwa jambo zuri na hadi leo nasema ni zuri. Lakini kunipa mimi kitu kile ni kama kumwachia mlevi funguo za kilabu. Nilianza na kituo nilichopigia kura, nikahamia cha jirani, nikavuka hadi Likoni, na kufika saa sita za usiku niko Turkana. Televisheni nazo kila moja ilikuwa na hesabu yake. Ukifungua hii, Raila yuko mbele. Ukihamia ile, saa ileile, Ruto ndiye aliye mbele, maana kila chumba cha habari kilisoma fomu kwa mpangilio wake. Mimi nilizifuata zote, nikaongeza Twitter, TikTok na magrupu 11 ya WhatsApp.

Siku ya tatu hiyo sikuwa nimelala ipasavyo. Chakula hakishuki. Moyo unadunda nikiwa nimekaa tu, viganja vinatoa jasho, na kila nikiweka simu chini nasikia imetetema kumbe haikutetema. Mimi ni mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi na siku ya kufungua inasogezwa tu, kwa hivyo sikuwa hata na daftari za kusahihisha.

Sikuwa naogopa nani atashinda. Niliogopa 2007. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Eldoret wakati ule, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba na nchi ikawaka, tulikaa siku sita bila kusikia sauti yake. Nilikuwa na miaka 19 na mimi ndiye niliyewekwa kuilinda simu ya nyumbani. Siku ya sita ikalia. Nadhani tangu hapo kuna sehemu ya akili yangu inayoamini kwamba nikiacha kuitazama simu, mtu atakufa.

Basi usiku ule, kama saa tano, ukaniingilia ujumbe wa sauti. Mwanamume, simjui, anahema kama aliyetoka mbio: malori ya askari yamejaa daraja la Nyali, kesho alfajiri watu wasitoke majumbani, peleka kwa uwapendao. Niliwapenda wote. Nikautuma kwa familia, kwa walimu wenzangu, na kwenye grupu la mtaa lenye watu mia mbili na kitu. Nakumbuka nilipata ahueni kidogo baada ya kubonyeza, kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi hapakuwa na lori wala askari. Hapakuwa na wateja pia. Shangazi huuza mahamri mlangoni kwake tangu saa kumi na moja na nusu, na siku ya kawaida kufikia saa mbili beseni limebaki makombo. Ijumaa ile waliokuja walikuwa saba. Kilo nne za unga, na mwaka ule wa vita vya Ukraine unga wa ngano ulikuwa haushikiki, zikabaki kwenye beseni zikipoa chini ya kitambaa. Mbaazi za nazi zikaganda.

"Wamesikia kuna askari," alisema. "Sijui nani kawaambia."

Nikanyamaza. Nilikula mahamri matano kwa aibu.

Usiku wake, saa tisa, alinikuta ngazini palepale, uso umemulikwa na kioo. Alisimama kidogo akifunga leso vizuri.

"Kama hulali, njoo unikandie. Mikono yaniuma."

"Nakuja, Shangazi, namalizia hii."

"Hiyo haina mwisho, mwanangu."

Aliishika simu yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi, akaifukia ndani ya debe la mchele na kulifunika. Unga ulikuwa tayari kwenye sinia, iliki imesagwa, hamira inatoa povu kikombeni. Akanimiminia tui vuguvugu kidogo kidogo huku nachanganya. Mwanzo unga unang'ang'ania kila mahali, kwenye pete, kwenye kucha, mpaka kiwiko. Nikasikia simu inatetema kwenye mchele, safari hii kweli, na sikuweza kuifungua hata kama ningetaka. Nilikanda kwa hasira robo saa nzima. Kisha donge likaanza kuachana na sinia, likawa laini, na nikagundua nimepiga mwayo.

Shangazi alikuwa akiishi Likoni mwaka 1997. Alfajiri ile ndipo tuligundua tarehe ni 13 Agosti, siku ambayo miaka 25 kabla yake kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na majirani zake wa bara wakakimbilia kanisa Katoliki.

"Hakukuwa na hizi simu zenu," alisema. "Habari ya kweli ilikuja yenyewe hadi mlangoni."

Sikukubaliana naye, na nilimwambia. Wale majirani iliwafikia mlangoni ikiwa na mapanga; wangeisikia jana yake wangepona wengi. Alifikiri, akaendelea kusukuma.

"Haya. Lakini ilikuwa kweli," akasema.

Nilikanda Jumapili na Jumatatu pia. Jumatatu jioni, tarehe 15, Chebukati, mwenyekiti wa tume, alipomtangaza Ruto mshindi kule Bomas huku makamishna wanne kati ya saba wa tume hiyo wakiyakana matokeo hayo katika hoteli ya Serena, nilikuwa nimelala usingizi wa mchana uliopitiliza. Mtaa ulikuwa kimya. Nilimpigia kaka yangu, akasema yuko salama, anakula, nikate.

Sitadai nilipona. Tulipomchagua gavana wetu tarehe 29, maana karatasi za kura za Mombasa zilikuwa zimekosewa na kura ikaahirishwa, nilirudi ngazini hadi saa saba.

Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ilikuwa itoe hukumu ya kesi ya kupinga ushindi wa Ruto, adhuhuri. Alfajiri nilienda mwenyewe jikoni, nikatia simu kwenye mchele kabla sijaambiwa. Sinia lilikuwa limejaa pomoni.

"Leo ni kilo sita," Shangazi alisema bila kugeuka. "Kwa hivyo hao askari wako wa Nyali, leo tafadhali wasije."

Nikaanza kukanda.