Nilivyoacha kutoa alama za huruma na kuanza kuhesabu masahihisho

Nafundisha takwimu za awali katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kinachostahili alama ni jibu lililo kwenye karatasi, basi. Aliyenitikisa ni binti mmoja kutoka Kongwa ambaye hakukosa kipindi hata kimoja muhula mzima, na ambaye daftari lake lilipigwa mistari kwa rula ukurasa kwa ukurasa. Matokeo yalipojumlishwa, alikuwa na 14 kati ya 40 katika kazi za muhula na 19 kati ya 60 katika mtihani wa mwisho. Jumla ni 33, na kwetu kufaulu ni 40. Katika orodha hiyohiyo alikuwemo kijana aliyeonekana darasani mara chache sana, naye alipata 71.

Nilishawishika kumwongezea zile saba. Kilichonizuia ni kwamba, kama ningelipa mahudhurio, ningemwadhibu yule kijana ambaye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa akishusha mizigo alfajiri katika soko la Majengo ili apate ada. Juhudi zake zilikuwepo, ila hazikufanyika mbele ya macho yangu. Sikuongeza kitu, binti akapangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Siku chache baadaye alibisha hodi ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba unioneshe nilipokosea."

Tulifungua jaribio lake la kwanza, lililohusu mavuno ya zabibu ya wakulima wa Hombolo, kilo zikiwa zimepangwa katika makundi. Katika kundi la 20 hadi 29, ili kupata wastani alitakiwa kuzidisha idadi ya wakulima kwa 24.5, yaani katikati ya kundi, lakini alizidisha kwa 29. Alifanya hivyo katika kila kundi, katika kila jaribio, na hata katika mtihani wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeweka alama ya kosa kila mara bila kuandika neno. Niliumia, kwa sababu bidii ya muhula mzima ilikuwa imemwagwa katika kosa moja ambalo hakuna aliyemwonesha. Dakika kumi zilitosha kulielewa, na sapu aliifaulu.

Muhula uliofuata nilimwomba mkuu wa idara ruhusa ya kuzigawa upya zile 40 za kazi za muhula: majaribio mawili yabebe 20, kazi ya nyumbani 10, na 10 zilizobaki ziende kwenye masahihisho. Mwanafunzi huchagua maswali mawili aliyokosa, huyafanya upya, na huandika kwa maneno yake mwenyewe alikosea wapi na kwa nini. Mtihani wa mwisho sikuugusa. Mwenzangu mmoja alipinga kwamba juhudi hazipimiki, nami nakubaliana naye kwa nusu: uchovu wa mtu haupimiki, lakini umbali kati ya jibu lake la kwanza na la pili unapimika, na anayeshinda sokoni anaweza kuufunga usiku kama anayeshinda maktaba.

Mara ya kwanza mpango uliharibika. Nilipokea masahihisho yanayofanana neno kwa neno, mpaka makosa ya tahajia. Ndipo nikaongeza maelezo ya mdomo, dakika tatu kwa kila mmoja, jambo lililonigharimu Jumamosi nne kwa darasa la watu 118. Ni kazi nzito, na sioni namna ya kuikwepa, maana ni katika dakika hizo ninapomtambua aliyeelewa na aliyenakili.

Lililobaki lilikuwa la wale wasiokosa chochote, ambao walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba hawana cha kusahihisha na hivyo wanapoteza 10. Hao nawaandikia kwa mkono wangu jibu lenye kosa, walitafute na kumweleza mwenye kosa hilo kana kwamba amekaa mbele yao. Jibu ninaloanza nalo kila muhula ni la zabibu za Hombolo, lenye 29 mahali pa 24.5.