Mafiga matatu ya Hanoi

Hanoi, 22 Januari 2025

Kwa kalenda ya mwezi ya Wavietnam leo ni tarehe 23 ya mwezi wa kumi na mbili, siku ya kuwaaga Táo Quân, walinzi wa jiko. Wako watatu: wanaume wawili na mwanamke mmoja. Inasemekana ikifika saa sita mchana wanapanda mbinguni kumpelekea Ngọc Hoàng, mfalme wa huko juu, taarifa ya nyumba nzima: nani kagombana na nani, nani mvivu, nani hakumjali mama mkwe. Ndiyo maana tangu asubuhi mtaa mzima unanukia udi na kuku wa kuchemsha.

Nilipouliza kwa nini watatu, binti wa mwenye nyumba wangu akapanga ngumi zake mbili na kikombe mezani, kisha akaweka sahani juu. Mafiga! Sikungoja tafsiri. Kwetu Tanzania mafiga matatu tumeyasikia hadi kwenye kampeni za uchaguzi, rais na mbunge na diwani, lakini sikutegemea kuyakuta huku yakiwa na majina na ugomvi wa ndoa.

Maana kisa chenyewe ni cha ndoa. Kinasimuliwa kwa namna nyingi. Nilichosimuliwa mimi ni hiki. Mume na mke waliachana, mke akaolewa kwingine. Miaka ikapita, yule mume wa kwanza akapita akiomba chakula, akabisha hodi nyumba hiyo bila kujua ni ya nani. Mke akamtambua, akamlisha. Aliposikia mume wa pili anarudi, akamficha kwenye rundo la majani makavu ya mpunga. Mume wa pili, hana habari, akalichoma rundo apate majivu ya shambani. Mke akajitupa motoni kwa uchungu, mume naye akamfuata mkewe. Wote watatu wakafanywa mafiga, wakae pamoja motoni milele. Sijui kama hiyo ni huruma au adhabu, na nilipouliza nilichekwa tu.

Juzi nilipita Hàng Mã, mtaa wa vitu vya karatasi katika mji mkongwe. Wanauza kofia tatu tatu, mbili za kiume zenye mabawa pembeni na moja ya kike, pamoja na majoho na viatu, vyote vya karatasi, vyote vya kuchomwa. Suruali hakuna. Wanatania kwamba ziliungua kwenye ule moto, na hadi leo waheshimiwa wanakwenda kuripoti mbinguni bila suruali.

Usafiri wao ni samaki. Huku kaskazini hununuliwa samaki wekundu walio hai, wakakaa ndani ya beseni wakati wa ibada, kisha wakaachiwa ziwani au mtoni. Kule katikati ya nchi, upande wa Huế, huchomwa farasi wa karatasi. Nilikwenda kuangalia ziwa la Hồ Tây. Watu wamejaa ukingoni na vimifuko vyao, na wapo vijana wa kujitolea wenye mabango ya kuomba watu waachie samaki, siyo mifuko ya plastiki. Baadhi walitii. Kidogo kunaudhi kuona mtu anamsindikiza mungu wake kwa takataka.

Hapa nyumbani wanapikia gesi, kama wengi wetu Dar. Mafiga yenyewe hayapo, lakini nafasi yake imebaki, kirafu kidogo chenye chungu cha udi, na hakuna anayeweka chumvi au kiberiti pale. Sisi tulipoacha kuni tuliyaacha mafiga kwenye methali tu.

Wasafiri wenzangu wananiuliza kila siku miiko ya huku. Mingi inaeleweka ukishajua kwamba nyumba ina wakazi wasioonekana. Usichomeke vijiti vya kulia vikasimama kwenye wali, kwa sababu bakuli la namna hiyo huandaliwa maiti. Madhabahu ya wazee waliotangulia usiipige picha bila kuomba. Viatu mlangoni, zawadi kwa mikono miwili. Na usishangae ukiulizwa umri kabla hujakaa vizuri: bila umri hawajui wakuite dada, shangazi au mdogo wangu. Aliyelelewa na shikamoo hapati shida hapo.

Mimi umri wangu umeniponza. Siku ya kwanza ya Tết, yaani mwaka mpya wa huku, 29 Januari, mgeni wa kwanza kuingia ndani ndiye anayeleta bahati ya mwaka, kwa hiyo huchaguliwa mapema. Mama mwenye nyumba akahesabu vidoleni: huku kila mwaka una mnyama wake, nami nimezaliwa 1986, mwaka wa Chui-milia, na unaoingia ni wa Nyoka. Hawaelewani. Akatikisa kichwa kwa upole wa daktari. Nije siku ya tatu, akasema, tena ni haki yangu: siku ya kwanza ni ya ukoo wa baba, ya pili ya mama, ya tatu ya walimu, na mimi ndiye ninayemfundisha mjukuu wake Kiingereza.

Sasa nasumbuka na zawadi. Niliwaza korosho, zina hadhi kwenye meza ya Tết. Lakini korosho ghafi za Mtwara huletwa Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo naweza kujikuta namletea mtu wa Hanoi, kwa bei ya sikukuu, korosho ya kwetu iliyobanguliwa na wa kwao.