Mikunjo ya ngozi

Tawi la mkarafuu halipindi, hukatika. Nilijua hilo tangu mdogo, kwetu Pemba, na bado msimu ule nilinyoosha mkono kukifuata kishada cha mbali. Nilitua kwa miguu, uzito wote ukaingia kisigino cha kulia.

Ami alitaka nipelekwe kwa mkandaji. Mama akakataa katakata: "Mfupa haukandwi haujaonekana!" Kesho yake tukapanda meli Mkoani, tukaenda Unguja.

Daktari alianza kwa kunibonyeza mgongo, si mguu. Anayeangukia visigino, alisema, huweza kuvunjika uti pia, maana kishindo hupanda juu. Mgongo ulikuwa mzima. Kisigino kilikuwa vipande vinne, na kiungo cha juu yake kimedidimia.

Nilidhani nitapasuliwa usiku uleule. La. Mguu uliwekwa juu ya mito miwili, ukawekewa barafu, na kila asubuhi daktari alikuja kutazama ngozi tu. Ilikuwa imevutika inang'ara, imetoa malengelenge. Ngozi ya hapo haina nyama chini yake, alitueleza. Ikikatwa ingali imevimba, kidonda hakifungi, kingo huoza, na vijidudu huufikia mfupa. Mama alimsikiliza, akatikisa kichwa, kisha usiku akalia akidhani nimeshatelekezwa. Mimi nami niliamini hivyo, naona haya kusema.

Siku ya 11 daktari aliupinda mguu kwa juu, akauelekeza nje kidogo. Ubavuni, chini ya kifundo, ngozi ikajikunja: vimistari vyembamba, kama vidole vya mtu aliyeshinda pwani akichokoa chaza. Mama aliviona kabla yangu.

"Daktari, imekunjika!"

"Ndiyo, mama. Kesho asubuhi."

Nilichomwa sindano ya mgongo, nikasikia keekee lakini si maumivu. Walipasua ubavu wa nje kwa umbo la herufi L, wakainua kile kiungo, wakakishika kwa bamba na skrubu. Kisha wiki 10 bila kukanyaga, magongo mawili, na mama akinizuia hata kujaribu.

Sakafuni sasa natembea vizuri. Ila njia ya kwetu ya kuteremkia kisimani ina mawe, na mguu huu hauinami ubavu kulifuata jiwe. Hapo hushika fimbo, na mama hushuka mbele yangu akiyasogeza yale makubwa kwa mkono wake.