Ndege wa uani kwangu, Tanga: mradi umefikia wapi

Aprili

Masika imeshika, mawingu siku nzima, picha ni chache. Kwa kukumbusha tu: nia yangu ni kupata picha safi ya kila aina ya ndege anayetua ndani ya ua wetu, bila mimi kutoka getini. Kamera ni Canon 700D ya mtumba na lenzi ya milimita 55–250. Wenye malenzi marefu wataicheka, lakini ndege akiwa mita nne au tano inatosha kabisa, na nyumbani ndege wameshakuzoea.

Waliopatikana hadi sasa ni shore, tetere, shomoro, kikundi cha tongosimba kwenye mabua ya nyasi, na kunguru, ambaye humtafuti, anakutafuta yeye. Tipitipi namsikia kila alfajiri kichakani nyuma, sauti yake kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, ila kujionyesha hataki. Bibi wa jirani kaniambia, "Mwanangu, huyo akilia, mvua haiko mbali." Kwa Aprili ya Tanga, Bibi, hata mimi ningetabiri hivyo.

Juni

Mwezi wa chozi, yule ndege mdogo anayenyonya nekta ya maua. Mgomba wa nyuma ya jiko umetoa ua, na kila asubuhi dume mmoja na jike wake wanakuja kunyonya. Dume ni yule wa kijani chenye mng'ao, na mshipi wa zambarau kifuani.

Shida ya chozi anaijua kila aliyewahi kumpiga picha: kwa macho unamwona anawaka, kwenye picha anatoka mweusi tii. Ile si rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unyoya wenyewe ni mweusi, na una matabaka membamba mno yanayorudisha mwanga, tena kwa upande fulani tu. Jua likiwa nyuma ya ndege, hupati kitu. Likiwa mgongoni mwako, anawaka. Akigeuza shingo kidogo, anazima tena.

Kwa hiyo kazi yangu imekuwa kulisubiri jua, ndege anakuja mwenyewe. Mgomba uko magharibi ya jiko. Asubuhi na mapema kivuli cha nyumba kinaufunika. Ikifika saa tatu jua limepanda juu ya bati na kulipiga ua moja kwa moja, nami nimekaa kwenye kigoda mlangoni, jua likiwa nyuma yangu. Nafasi hiyo inaisha kama saa nne na nusu. Baada ya hapo jua ni la utosi, heri uende ukanywe chai.

Bahati nzuri chozi anapenda kunyonya akiwa ametua. Anashika bua, anajikunja kichwa chini, anachomeka mdomo chini ya ganda jekundu la ua. Hapo anatulia sekunde mbili tatu. Naweka kasi ya 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 800, na mwangaza naushusha kidogo, maana kamera ikiona ndege mweusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na mng'ao wote unaungua na kuwa mweupe.

Moja imetoka vizuri mno. Mshipi wa kifua umewaka wote, ncha ya mdomo imelowa nekta, na sisimizi mmoja yuko ukingoni mwa ganda, karibu agusane na jicho la ndege. Yule sisimizi sikumwona mpaka nilipofungua picha kwenye kompyuta.

Jike bado. Kila mtu anakimbilia dume kwa sababu ya rangi, lakini mwenye kazi ni jike: ndiye anayejenga kiota, kifuko kinachoning'inia, kilichofungwa kwa utando wa buibui. Kipo kwenye mkomamanga, na sikisogelei. Ukisimama mahali pamoja mara mbili, kunguru wanakuja kuangalia unaangalia nini.

Agosti

Hawa kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Wakavuka hadi bara, na pwani yote sasa ni yao. Mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chao. Nilipoweka beseni la maji uani, wao ndio waliofika kwanza, na mifupa yao na vipande vya chapati vya kulowesha. Kufika adhuhuri maji yamekuwa mchuzi.

Sasa nimeweka kibia cha udongo, kina cha vidole viwili, jiwe katikati, chini kabisa ya ua wa michongoma. Kunguru hapendi kuingia mahali asipoweza kuruka haraka. Shore na tongosimba hawajali. Maji namwaga kila asubuhi na kibia nakisugua, kwa sababu mbu wa dengi hutaga kwenye kuta za vyombo kama hivyo.

Mdiria naye amejitokeza, yule mwenye kichwa cha kahawia na mdomo mwekundu. Huyu wala samaki hana habari nao. Anawinda panzi na mijusi. Alikaa kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na sare za shule, akashuka, akarudi na mjusi, akampigapiga kwenye nguzo kulia na kushoto, kisha akammeza kwa kuanzia kichwa. Picha zote zina sare ya shule nyuma. Nimeziacha hivyo hivyo.

Oktoba

Kwera wameanza kuchana makuti kwenye mnazi wa jirani. Dume anaanza kiota kwa kusuka pete, anasimama ndani yake, anasuka kuzunguka hadi mdomo wake unapofika. Jike akikikataa kiota, kinakauka kuwa kahawia, na dume anakifumua mwenyewe aanze upya. Sijawahi kumwonea ndege huruma kiasi hiki.

Orodha na picha napeleka eBird, mradi wa mtandaoni wa kukusanya kumbukumbu za ndege wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni bure.

Picha ninayodaiwa bado ni ya teleka wa minazi, ndege wanaogandisha kiota, na mayai pia, kwa mate yao upande wa ndani wa kuti. Wanaruka siku nzima, kutua hawatui. Mpango ni kulala chali kwenye mkeka saa kumi na mbili jioni wanaporudi, ISO 3200, na kuomba kuti lisianguke.