Kwa Reli Kutoka Bronx Hadi Los Angeles, Nikisikiliza Rap ya Kila Mji

Safari hii niliipanga kwa kufuata reli. Kuna treni ya Amtrak iitwayo Crescent inayoondoka New York, inapita Atlanta na kuishia New Orleans. Kutoka hapo nyingine, Sunset Limited, inakwenda Houston kisha inavuka jangwa hadi Los Angeles. Njia hizo mbili zinapita karibu kila mji uliowahi kugombana na mwenzake kwa sababu ya rap. Sisi tuliokulia Dar es Salaam miaka ya 1990 tuliujua ugomvi mmoja tu: Tupac wa pwani ya Magharibi ya Marekani upande huu, Biggie wa New York upande ule, na sura zao zimechorwa kwenye daladala. Baadaye wasanii wa Upanga walipojiita East Coast Team na Temeke wakasimama na TMK Wanaume, hakuna aliyehitaji kuelezwa mfano huo ulitoka wapi. Mimi nilitaka kwenda kusikia tofauti zenyewe. Kwa nini mchanaji, yaani mtu wa rap, wa Houston anavuta maneno wakati wa New York anayabana?

Nilianzia Bronx, sehemu ya New York ilikozaliwa hip hop, kama ilivyo haki. Jengo namba 1520 Sedgwick Avenue ni ghorofa la matofali lisilo na lolote la kumsimamisha mpita njia, na barabara kuu ya magari inanguruma pembeni yake. Kwenye ukumbi wa wapangaji wa jengo hilo, tarehe 11 Agosti 1973, kijana aliyezaliwa Jamaica, Clive Campbell, alipiga muziki katika pati ya dada yake. Walimwita DJ Kool Herc. Alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangoja kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake, akaanza kukirefusha kwa kutumia santuri mbili zilezile, ya kwanza ikiisha anaingiza ya pili. Juu ya ngoma hizo mwenye maikrofoni akapata nafasi ya kusema.

Kutoka hapo nilipanda treni za chini ya ardhi hadi Queensbridge, upande wa Queens, majengo 96 ya nyumba za serikali yaliyofunguliwa mwaka 1939. Hapa ndipo bifu la mitaa lilipopata umbo lake. Mwaka 1986 MC Shan na mtayarishaji Marley Marl, vijana wa Queensbridge, walitoa kibao cha kusifu mtaa wao. Bronx wakasikia kana kwamba Queensbridge inajitangaza mama wa hip hop. KRS-One na Scott La Rock, wa Boogie Down Productions, kundi la Bronx, wakajibu, wakajibiwa, wakajibu tena kwa ukali zaidi. Yote hayo yalikuwa kati ya mitaa miwili ya mji mmoja, unatoka huu kwenda ule kwa nauli moja ya treni. Scott La Rock aliuawa kwa risasi Agosti 1987, alipokwenda kusuluhisha ugomvi usiohusiana na muziki.

Ndani ya zile treni niliwatazama watu wanavyosikiliza. Hedifoni masikioni, macho chini, midomo inafuata mistari. Mbele yangu alikaa kijana aliyerudisha nyuma sehemu moja ya wimbo mara kwa mara, hadi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Anayesikiliza namna hiyo, peke yake, haliachii neno hata moja, na anakamata hata vina vilivyofichwa katikati ya mstari. Nas, mchanaji aliyekulia Queensbridge, aliandika kwa ajili ya sikio la namna hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kuamini jambo lililonifuata njia nzima: mtindo wa mji hutengenezwa na mahali watu wake wanaposikilizia.

Crescent inaondokea Penn Station, na juu ya stesheni hiyo wamejenga Madison Square Garden. Katika ukumbi mdogo wa jengo hilo, tarehe 3 Agosti 1995, jarida la The Source lilitoa tuzo zake. Suge Knight, bosi wa kampuni ya muziki ya Death Row ya Los Angeles, alisimama jukwaani akamkebehi Puff Daddy, bosi wa Bad Boy ya New York, mbele ya watu wa nyumbani kwake. Snoop, mchanaji wa Death Row, naye akauliza kwa hasira kama New York haiwapendi. Dunia iliyakumbuka hayo. Lakini usiku uleule OutKast, vijana wawili wa Atlanta, walitangazwa kundi jipya bora, na ukumbi ukawazomea. André, mmoja wao, akiwa na miaka 20, alishika maikrofoni akasema Kusini kuna la kusema. Nilisubiri treni nikiwa na hasira mbichi kwa niaba yao, ingawa imepita miaka mingi. Kumzomea mtu kwa lafudhi yake, tena ukiwa mzawa wa mji uliofundisha dunia kusema bila kuomba ruhusa!

Atlanta tuliingia asubuhi, baada ya usiku wa Virginia na Carolina ambao sikuona chochote dirishani. Nilikwenda Lakewood Heights kuitazama nyumba iliyokuwa ya mama yake Rico Wade, mtayarishaji wa muziki. Ni nyumba ndogo ya familia, mtaa umetulia. Chini yake kuna chumba cha sakafu ya udongo walichokiita Dungeon, ambako Organized Noize, kundi la watayarishaji la Wade, waliwapikia OutKast na Goodie Mob albamu zao za mwanzo. Big Boi wa OutKast aliinunua nyumba hiyo mwaka 2019, na Wade mwenyewe alifariki Aprili 2024. Ukizisikiliza zile kazi baada ya kuuona mtaa, unasikia ogani ya kanisani, gitaa la besi linalopigwa na mkono wa mtu, waimbaji wanaoitikia. Watu wengi walikaa chumba kimoja, hakuna aliyekuwa na haraka.

Atlanta ya leo ni nyingine. Tangu mchanaji T.I. alipolibandika jina la trap kwenye albamu yake ya mwaka 2003, mji umekwenda na besi nzito ya 808, mashine ya ngoma ambayo Roland walishaacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na matoazi madogo yanayokimbia juu yake. Wimbo mpya hupelekwa kwanza kwa madj wa klabu za wacheza uchi, Magic City ikiwa maarufu kuliko zote. Wasichana wasipoinuka kuucheza, wimbo umekufa. Ndiyo maana kiitikio kinatangulia na mistari ni mifupi. Wanaolalamika kwamba trap haina maneno wanaupima kwa mizani ya treni ya Queens.

New Orleans ndiko nilikobaki mdomo wazi. Jumapili nilifuata maandamano ya second line: chama cha mtaa mbele na mavazi ya rangi moja, nyuma yao bendi ya matarumbeta, na nyuma ya bendi sisi sote tunaocheza huku tukitembea. Ngoma kubwa haikai mahali unapoitegemea, inachelewa kidogo kisha inakushtua. Mwisho wa njia kulikuwa na gari limefungua milango yote linapiga bounce, rap ya mji huu, na kina mama waliokuwa wakiyachezea matarumbeta ya bendi hawakubadilisha hata hatua. Mchanaji wa bounce anaita, watu wanaitikia, na anachoita ni majina ya mitaa na majengo: Magnolia, Calliope, Melpomene. Magnolia ya mchanaji Juvenile na Calliope ya mwenzake Master P zilibomolewa baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, lakini kwenye muziki bado zinaitwa, na watu wanaitika.

Uti wa mgongo wa bounce ni biti iliyotoka New York. Mwaka 1986 kundi la Showboys, la Queens, lilitoa wimbo uitwao Drag Rap. Kwao haukutamba. New Orleans wakauokota, wakakata vipande vyake, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawajauacha. Mwaka uleule Queensbridge na Bronx walipoanza kuzozana nani mzazi, mtoto wao mwingine alikuwa njiani kwenda kulelewa kwenye mto Mississippi.

Houston nilipokelewa na Mkongo wa Bukavu, mmoja wa wengi waliofikia mji huo kama wakimbizi. Nilipomwambia nilichofuata alicheka, akamwita mwanawe alete gari. "Ndugu yangu, huku muziki ni ya mu motoka," aliniambia. "Ukisikiliza kwa mguu hautaielewa." Alikuwa na haki kabisa. Houston haina mwisho. Unaendesha nusu saa ukidhani umetoka mjini, kumbe ungali ndani. Kijana aliweka moja ya kanda za DJ Screw, akafunga vioo, na besi ikaingia mgongoni kupitia kiti.

Screw, jina lake Robert Earl Davis, alirekodi nyumbani kwake upande wa kusini wa mji. Aliweka santuri mbili za wimbo mmoja, moja ikiwa nyuma kidogo, akawa anaruka kati yake ili neno lisikike mara mbili, kisha mkanda wote akaupunguza kasi. Sauti ya mchanaji inashuka kama ya mtu anayezungumza usingizini. Marafiki zake wa Screwed Up Click walichana bila kuandika, wengine dakika nyingi mfululizo, wakitaja mitaa yao na magari yao, yale yenye rangi inayong'aa na rimu zinazochomoza nje kama mikuki. Kwa gari linalotambaa Jumapili jioni, kasi ile ndiyo sahihi. Houston nayo ina bifu lake la ndani: Kaskazini mwa mji walimjibu Screw kwa kampuni yao ya muziki, Swishahouse ya Michael Watts. Dawa ya kikohozi yenye kodini, iliyosifiwa sana kwenye kanda hizo, ilichangia kumuua Screw mwenyewe Novemba 2000, akiwa na miaka 29. Sikuweza kuufurahia muziki ule bila kulikumbuka hilo. Santuri zake sasa zinatunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston, mahali panapomstahili.

Kwenye Sunset Limited nilikaa na bibi wa Louisiana aliyekuwa akienda kuwaona wajukuu Los Angeles. Njia hii, aliniambia, ndiyo waliyopanda wajomba zake enzi za Vita vya Pili, kufuata kazi za viwandani na kukimbia sheria za ubaguzi. Maelfu ya watu weusi wa Louisiana na Texas walihamia California hivyo. Basi ule mvuto wa maneno tunaouita wa Magharibi, Snoop akiwa mfano, ulipanda treni Kusini.

Los Angeles nayo ni mji wa gari. Dr. Dre alijenga albamu yake The Chronic ya mwaka 1992 juu ya fanki ya kundi la Parliament-Funkadelic, muziki uliokwisha pigwa miaka mingi kwenye magari ya barabara ya Crenshaw yanayoinama na kuinuka. Nilifika pia njia panda ya Wilshire na Fairfax, ambako Biggie alipigwa risasi tarehe 9 Machi 1997, akiwa na miaka 24. Tupac, aliyeuawa Las Vegas miezi sita kabla, alizaliwa New York na kukulia Mashariki hadi ujana wake. Makampuni na majarida yaliuza sana kwa vifo vile viwili, na sisi Dar tulinunua fulana.

Anayetaka kuifuata njia hii ajue kwamba Sunset Limited ni mara tatu tu kwa wiki, kwa hiyo apange siku zake kuanzia New Orleans. Na akibanwa na muda, afupishe Los Angeles lakini Houston ashuke, amtafute mwenye gari.