Saundi iliyopigwa pasi

Wiki hii nzima kichwani mwangu ni bendi ya .38 Special tu, sijui hata imeanzaje. Usiku nikimaliza kazi naweka heodifoni naanza na albamu yao ya kwanza ya 1977 naenda nazo kwa mpangilio, na kila nikifika 1981 najikuta nasimamisha narudi nyuma, maana yaani ni kama bendi mbili tofauti kabisa zimevaa jina moja.

Kwa asiyewajua, hawa ni jamaa wa Jacksonville, Florida, walianza 1974, Don Barnes na Donnie Van Zant. Ndiyo, Van Zant yule yule, mdogo wake Ronnie, mwimbaji wa Lynyrd Skynyrd, ile bendi kubwa ya rock ya Kusini mwa Marekani. Hebu fikiria unaanzisha bendi ya rock mji ule ule, aina ile ile ya muziki, na kaka yako ndo kashakuwa mfalme wa hiyo kitu Kusini yote. Albamu yao ya kwanza imetoka, halafu Oktoba mwaka ule ule ndege ya Skynyrd ikaanguka Mississippi, Ronnie akafa. Sasa hapo kila ukipiga gitaa kwa ile staili watu wanasikia marehemu. Zile albamu mbili za mwanzo si mbaya jamani, zina jasho, zina ule mpigo wa baa za Kusini, ila hata mi nikizisikiliza nakuta nawaza Skynyrd, na sidhani kama niko peke yangu.

Mlango ulifunguka na wimbo ambao haukuwa hata wa kwao. Rockin' into the Night uliandikwa na wale wa Survivor, bendi ya Chicago, haukuingia kwenye albamu ya Survivor basi ukapelekwa kwa vijana wa Jacksonville. Ukapenya redioni 1980. Baada ya hapo Jim Peterik wa Survivor akawa anakaa nao kabisa kuandika, yeye na Barnes na mpiga gitaa Jeff Carlisi, ndo ikatoka Hold On Loosely 1981. Sikiliza gitaa la mwanzo, limebanwa kwa kiganja, fupi fupi, limenyooka kama shati limepigwa pasi, hakuna kuzurura, mpaka kiitikio kinakuja unajua saa ngapi kinakuja na bado unakisubiri. Mi pale nasikia zaidi The Cars, ile bendi ya new wave ya Boston, kuliko Skynyrd. 1982 wakaja na Caught Up in You ikaingia kumi bora Marekani, namba 10, na mwaka huo huo Peterik yupo pia kwenye Eye of the Tiger ya Survivor, sasa utajua mwenyewe huyu mtu mkono wake ulikuwa na nini.

Watu wanasema walijiuza, yaani waliacha muziki wao ili wapigwe redioni. Mi sikubaliani, au nakubaliana nusu. Jukwaani walibaki na wapiga dram wawili, besi alikuwa Larry Junstrom ambaye alikuwa Skynyrd zamani kabla hawajawa maarufu, na prodyuza wao Rodney Mills ni mtu wa Georgia. Solo za Carlisi pia bado zina Kusini ndani yake, sikiliza pale mwishoni mwa Hold On Loosely gitaa linavyoachiwa. Walichokata ni ile mizunguko mirefu ya gitaa, na kuikata ndo kulikowatoa kwenye kivuli cha kaka.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Kwenye hizi hiti zote sauti ya mbele ni ya Don Barnes, nyepesi, safi, ya redio. Donnie ndo alikuwa anaongoza zaidi mwanzoni, na sauti yake ile nzito yenye vumbi haikuwa na nafasi kwenye nyimbo za namna hii, basi mtu yuko kwenye bendi aliyoianzisha mwenyewe, bendi inapaa, na wimbo unaowapaisha anaimba mwenzake. Alibaki lakini. Miaka na miaka, mpaka 2013 ndo akaacha kuzunguka na bendi. Hilo nalifikiria sana kuliko mambo ya nani kajiuza.

Na cha ajabu Barnes mwenyewe akaondoka 1987, wakamleta Max Carl, na 1989 Second Chance ikafika namba 6, ndo hiti kubwa kuliko zote walizowahi kupata, wimbo laini wa kubembeleza ambao ukimpigia mtu bila kumwambia hatajua hata kama ni bendi ya Kusini. Hapo mi nashuka kwenye basi, samahani. Ni wimbo mzuri ila si wao.

Kesho zamu ya Strength in Numbers ya 1986, ya mwisho kabla Barnes hajatoka, prodyuza ni Keith Olsen, vinanda vya kutosha humo ndani. Tuone nitavumilia mpaka wimbo wa ngapi.